Bahari ya Domina huko Rudewa

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Nimepata wazo! Mke wangu Domina hajacheka tangu mama yake azikwe Pangani. Alifika huko matanga yameshaanuliwa. Tangu arudi anapika, anafua, anaitikia. Basi.
Leo nilikuwa namwagilia bustani ya meneja wa shamba la mkonge, kazi yangu ya kila siku. Memsahibu, mke wa meneja, amejenga pango dogo la mawe la pambo, kuta zote kapachika makombe ya baharini. Nikanusa moja. Pwani tupu! Nitamjengea Domina lake, hapa hapa mlangoni.
Jirani yangu Lukasi, mpishi wa meneja, akasema bahari haipandi treni. Mpishi! Anajua nini kuhusu mawe?

Jumanne, 7 Agosti
Mawe nimebeba kutoka mtoni. Mgongo kwisha. Makombe hakuna. Memsahibu kanikatalia hata lile lililovunjika.
Jioni, bahati! Chini ya mikonge mikuukuu nimekuta konokono wakubwa wamerundikana, midomo imezibwa kwa utando mweupe. Nikagonga, kimya. Wamekufa, maskini. Nikajaza gunia.
Domina akauliza ni la nini. Nikamwambia mbolea. Akaingia ndani. Zamani angenihoji mpaka nitoe jasho. Imeniuma.

Alhamisi, 9 Agosti
Limekamilika! Mawe, udongo, majivu, na konokono kwa safu, wakubwa chini, wadogo juu. Nikamwita Domina. Akasimama kitambo, akagusa mmoja kwa kidole. Akasema taratibu kwamba mama yake alikuwa akimwekea kombe sikioni asikie mawimbi. Machozi yakamlengalenga, akaingia ndani.
Nikababaika. Nikafikiri, kuna kilichopungua. Maji! Bahari gani kavu? Nikamwaga ndoo baada ya ndoo mpaka ukuta ukameremeta. Lukasi akapita, akatazama, akaenda zake. Ushindi!

Ijumaa, 10 Agosti
Balaa. Asubuhi ukuta mzima ni mashimo. Bahari imehama!
Nikafuata michirizi ya ute. Ikanipeleka moja kwa moja kwenye bustani ya Lukasi. Mchicha wake umebaki vijiti.
“Bwana Wenceslaus!” akapiga kelele. “Njoo uchukue bahari yako!”
Nikatambaa kwa magoti nikiwaokota. Wananitolea povu. Mara nikasikia kwikwi nyuma yangu. Moyo ukapasuka: nimemliza tena. Nikageuka. Domina ameketi kizingitini, ameshika mbavu, anacheka!
“Mume wangu, uliwamwagia maji? Walikuwa wamelala tu, wanangoja mvua!”
Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, kilio chenyewe, kile alichokuwa amekificha. Nikaketi naye mavumbini, konokono mmoja akipanda mkono wa shati langu. Akanisimulia mama yake: alivyokuna nazi akiimba, alivyowaogopa kaa. Honi ya kiwanda cha mkonge ikalia kutuita kazini, sikuinuka.
Lukasi akaja. Nilidhani amekuja kugomba. Alileta uji, vikombe viwili. Akasema, “Pole, dada. Mchicha utaota.” Akaondoka bila kunitazama. Yule mtu si mbaya. Ila uji haukuwa na sukari.

Jumapili, 12 Agosti
Jana tulikwenda mtoni pamoja, mimi na Domina. Aliokota kokoto nyeupe, tukaziba nazo yale mashimo. Ukuta unapendeza kweli. Amesema nisiuguse tena, anaupenda ulivyo. Akanishika mkono njia nzima, watu wanaona!
Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa konokono. Ni mdogo, mwepesi, hana msimamo.
Leo, Domina akiwa kanisani, nimeokota kobe nyuma ya kiwanda. Gamba zito, lina maua kama limechongwa na fundi! Amejikunja ndani, hatikisiki. Huyu kwenda mbali hawezi. Nampachika katikati kabisa, udongo nimeshaukanda.
Atakavyoshangaa akirudi!