Dakika Tatu Bila Salamu

Jumatatu, 1 Septemba
Kosa la watu wengi wanaonasa sauti za pori ni kudhani adui yao ni upepo. Si upepo. Ni binadamu. Viola, niliyemfundisha darasa la sita, sasa ndiye mkuu wa redio yetu ndogo hapa Malindi. Anataka sauti ya kufungulia matangazo: dakika tatu za pori tupu, pasiwe na sauti ya mtu. Atakayeileta atatajwa jina kila asubuhi. Nimestaafu miaka kumi na miwili. Jina langu huitwa kliniki tu, tena hulikosea. Nafasi hii ni yangu! Mke wangu Mahfudha akauliza kama nitaweza kunyamaza dakika tatu. Nikanyamaza makusudi, kumwonyesha. Kisha nikamweleza kwa nini nimenyamaza.

Jumanne, 2 Septemba
Kijiji cha Adu, kichakani nyuma ya mashamba ya mihogo. Hondohondo wawili, wale ndege wa midomo mikubwa, wakipokezana kulia. Safi! Dakika ya pili akatokea Dorcas, mwanafunzi wangu wa zamani, na mzigo wa kuni. Akautua chini, akapiga goti kidogo, shikamoo Mwalimu. Ningefanyaje? Shikamoo haiachwi hewani. Nikaitikia marahaba. Nikauliza watoto. Nikauliza mama yake. Nikauliza mguu wa mama yake. Nimesikiliza nilichonasa: hondohondo dakika moja na nusu, mguu dakika kumi na moja.

Jumatano, 3 Septemba
Nimekutana na Thuku sokoni. Huyu alikuwa karani kwenye mashamba ya chumvi Gongoni, mtu wa bara, na yeye anaitaka nafasi ile ile. Tayari amenasa heroe, wale ndege wa miguu mirefu, wakila kwenye maji ya chumvi. Nikamuuliza watu hawamsalimii? Akasema humsalimia, naye hupunga mkono. Hupunga mkono! Miaka thelathini pwani! Nikamsimulia ya Adu, naye akaniuliza, mbele ya wauza samaki, kama wale hondohondo niliwajulia hali za nyumbani kwao. Wakacheka wote. Nimerudi bila samaki.

Alhamisi, 4 Septemba
Hila! Nimekwenda bonde la Nyari, Marafa, nisikojulikana sana. Kofia hadi kwenye nyusi, miwani myeusi, shati la mwanangu lenye picha ya simba. Nikaketi chini ya magenge mekundu. Nyenje. Upepo. Ndege nisiyemjua, akilia mbali. Dakika moja. Mbili. Mbili na nusu. Machozi yalinilenga. Nikalisikia jina langu redioni.

Hapo akapita mwanamume mwenye ndevu zake, hatua mbili kutoka kwangu. Hakunisalimia.

Zilibaki sekunde thelathini. Nikamwita. Nikamuuliza kwao ni wapi na alilelewa na nani. Akasema anaitwa Masha, alikiona kinasa sauti, akapita kwa kunyata asiniharibie. Kweli, viatu alivishika mkononi. Nikamweleza kwamba adabu haina likizo. Nilimweleza vizuri, kwa mifano. Akaomba radhi, akasema shikamoo. Marahaba.

Jumamosi, 6 Septemba
Siku ya mwisho ya kupeleka sauti. Goti limevimba, siwezi kurudi Nyari. Nimempelekea Viola nilichonacho. Amepiga simu. Kwanza shikamoo, ana adabu huyo. Akasema ofisi nzima imecheka mpaka imelia, na kwamba zile dakika mbili na nusu ni nzuri kuliko zote alizoletewa. Lakini ni mbili na nusu. Amechukua heroe.

Jumatatu, 8 Septemba
Saa kumi na mbili asubuhi. Heroe, kisha jina: Thuku. Mahfudha akaongeza sauti. Itakuwa hivi kila siku, mpaka mmoja wetu afe, mimi au redio.

Nimemwandikia Viola kurasa sita. Kosa liko kwenye kanuni yake: salamu ni sauti ya pori letu kama ilivyo ya ndege. Kesho narudi Adu kumthibitishia. Dorcas atakuwepo, na habari za mguu bado hazijaisha.

Na wewe uliyeifungua shajara hii bila ruhusa: leo ukimpita mzee, msalimie. Kwa sauti.