Sumu Zilizostaafu

Kwa furaha isiyo na kifani, Kamati ya Wilaya ya Kutuliza Sumu ilitangaza kwamba dawa zote za kuulia wadudu zilizozikwa nyuma ya kijiji tangu enzi za Wasovieti zimestaafu rasmi kwa sababu ya umri. Dampo lingeitwa Malisho ya Mfano. Wanakijiji walikuwa wameomba seng'enge tu, mifugo isiingie humo na watoto wasinyweshwe sumu kwenye maziwa. Lakini seng'enge ya wilaya ilikuwa na majukumu mazito zaidi: ilizungushwa kulinda mawaridi ya ofisi ya Kamati.

Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Kerimbek, alijua fika kwamba sumu ile haiozi, na kwamba ikimwingia mnyama hujikusanya kwenye mafuta na ini. Aliona si vyema kuwasumbua raia kwa mambo ya kitaalamu.

Jumamosi alikwenda kijiji hicho hicho kumposea mwanawe. Posa ya Wakirgizi hufungwa kwa wazazi kulishana mafuta ya mkia wa kondoo pamoja na ini. Asiyekula ameivunja.

Salkyn, mama wa binti aliyeposwa, alikata pande nono la mafuta linalotetemeka, akaliweka juu ya kipande cha ini.

"Fungua kinywa, mkwe."

"Kondoo huyu kachungwa wapi?"

"Maswali gani hayo? Si umetupa Malisho ya Mfano?"

"Tumbo langu leo haliko sawa."

"Tumbo hilo hilo lililomaliza mikate yangu sasa hivi?"

Wageni wakamgeukia. Mwanawe alikuwa karibu kulia. Kerimbek alimpenda sana kijana wake, na alijipenda zaidi kidogo. Jasho lilimtoka.

"Kamati imepokea taarifa mpya," alisema. "Sumu imerudi kazini."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposhika hilo ini."

"Basi lete seng'enge, mkwe. Tutakungoja."

Akapiga simu. Kufika jioni dampo lote lilikuwa limezungushiwa seng'enge ile ya ofisini, na Salkyn akayapasha moto mafuta yale yale.

"Kula sasa. Kondoo huyu kanenepa mlimani. Wa dampo nimpe mkwe wangu, nina wazimu?"

Kerimbek akala mbele ya watu wote, mafuta yakimchuruzika kidevuni.

Jumatatu Kamati ilitangaza kwamba mawaridi ya ofisi, ambayo mbuzi walikuwa wameyamaliza, yamestaafu rasmi kwa sababu ya umri.