Nyumba ya Mama Iko Hewani

Jumatatu, 3 Machi
Mtandao umekatika. Fundi wa waya kasema mpaka wiki ijayo, tena kasema huku anatafuna. Nikafungua mchezo wa shamba. Ukagoma! Eti "Rudi hewani ili uendelee." Hewani kufanya nini? Sichezi na mtu. Nyumba aliyoijenga mama imo ndani ya kompyuta yangu, juu ya meza yangu, kwenye karakana yangu ya pasi na feni. Mama hatunaye tangu mwaka jana. Kuku wake wapo, na kibao alichokiandika getini: "Kuku wamekula. Na wewe ule." Kila mchana naingia pale na sahani yangu. Leo chakula hakikupita.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili. Hewani ni juu! Nimepanda paa la karakana, kompyuta kifuani. Nikaunasa mtandao wa kinyozi wa jirani, ila neno la siri sina. Mteja mwenye feni akauliza fundi yuko wapi. Nikamwitikia kutoka juu. Akaondoka na feni yake.

Jumatano, 5 Machi
Kinyozi hatoi neno la siri ila kwa anayenyolewa. Mimi naye hatuivi chungu kimoja tangu aseme pasi niliyomtengenezea imemuunguzia shati. Nikajikaza, nikakaa kitini. Nimetoka na neno la siri na kipara. Mbio karakana! Mchezo ukataka kwanza kupakua maboresho. Ulipofika nusu, kimya. Kumbe kinyozi hubadilisha neno la siri kila mteja mpya anapokaa. Mshenzi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimenyolewa ndevu. Maboresho yamefika robo tatu. Kinyozi kaniuliza kwa upole kama kesho ni nyusi. Nikamjibu asinitanie.

Ijumaa, 7 Machi
Nyusi zimekwenda. Mchezo umefunguka! Likatangulia tangazo: wenye mchezo wanazima mitambo yao Jumapili saa 6:00, na baada ya hapo haufunguki tena kwa yeyote. Nimelinakili kwenye karatasi. Nyumba ni ya mama, wao wanazima kwa ruhusa ya nani? Sijafika hata getini, mtandao ukakatika. Kuna mtu kakaa kitini.

Jumamosi, 8 Machi
Dada yangu kaja. Kaniona uso, kacheka mpaka kakaa sakafuni. Akasema ningemwomba tu, angeniwashia mtandao wa simu yake. Hilo sikuwa nimeliwaza.
Tumeingia. Dada hakuwahi kuiona nyumba ile. Akasoma kibao, akanishika mkono. Tukawafuata kuku hadi nyuma ya jiko. Nimemkumbuka mama sana. Dada akataka tupige picha. Nikakataa, mambo ya haraka haraka siyataki. Kesho nitamuaga mama kwa heshima, nina asubuhi nzima mpaka saa sita mchana. Kaniachia simu yake.

Jumapili, 9 Machi
Saa tatu asubuhi, shati limenyooka, nikafungua. Haufunguki. Nikabonyeza tena na tena. Nikamfuata dada na karatasi yangu. Akaisoma, kisha akauliza taratibu, hiyo saa sita nimeihesabu kwa saa za nani.
Za kizungu! Yaani saa kumi na mbili alfajiri. Na nilikuwa macho, napiga shati pasi. Tumelia wote wawili, mimi kwa sauti zaidi.

Jumatatu, 10 Machi
Waya umeungwa. Nimepata mchezo mwingine, wa kujenga nyumba, mzuri kuliko ule. Nao haufunguki bila mtandao, hata ukicheza peke yako. Nimekubali masharti yote, kurasa arobaini, bila kusoma hata mstari. Nimeanza na jiko. Dirisha nimelielekeza barabarani, mama alipenda kuona anayekuja. Nimemwambia dada aje Jumamosi, nyumba itakuwa tayari, na safari hii hakuna wa kutuhamisha.