Nyanya za Mama Mkwe

Jumapili, 2 Februari
Mke wangu Zlatka amenikabidhi mbegu za nyanya za marehemu mama yake. Zile za waridi, kubwa, za kujaza kiganja. Ndizo za mwisho! Amesema nikiziua, nyanya hizo basi tena, na nisithubutu kumtazama usoni. Nimemwambia atulie, yuko na mtaalamu. Jirani yetu Tsanko, mlango wa pili, anadai bado mapema kupanda. Mwoga. Mimi nimepanda leo, kwenye vikopo vya mtindi, juu kabisa ya chuma cha kupasha joto. Nyanya ya kwanza katika jengo hili itakuwa yangu.

Jumatano, 12 Februari
Zimeota! Nilimwita Tsanko aje aumie roho. Akasema sebule yangu ni bafu la mvuke, miche inataka mwanga na ubaridi, siyo kudekezwa. Wivu huo. Nimeongeza joto.

Jumanne, 25 Februari
Msiba. Miche imekuwa mirefu, myembamba, imelala chali. Nimeiegemeza kwa vijiti vya meno. Zlatka alichungulia, akasema “Mh.” Nimeoa miaka mingi, naijua hiyo “Mh.” Tsanko naye ameweka miche yake dirishani pa ngazi, kwenye baridi. Mifupi, minene, ina kiburi.

Ijumaa, 28 Februari
Nimeumia kweli. Mama mkwe hakunipenda, lakini nyanya zake nilizipenda. Hata hivyo, dawa ipo! Hapa kwetu nani asiyejua kwamba mche wa kuiba hushika kuliko wa kupewa? Bibi yangu hakununua ua hata moja maishani mwake. Zlatka alikwenda sokoni, Tsanko kliniki. Nikabadilisha vikopo. Vyake sebuleni, vyangu dirishani pa ngazi. Nani atajua?

Jumamosi, 1 Machi
Siku ya Bibi Machi, yule bibi wa hadithi anayefukuza baridi. Zlatka alinifunga uzi mwekundu na mweupe mkononi, wa afya. Akafunga na vikopo vya sebuleni. Kisha akatoka na nyuzi nyingine kuelekea kwenye ngazi. Nyuzi za nini huko? Kumbe nusu ya mbegu za mama alimpa Tsanko tangu mwanzo! Eti ananijua.

Nikamfuata, nikamkuta amesimama mbele ya miche iliyolala. Na vijiti vya meno. Nilisahau kuving'oa! Machozi yalimlengalenga, nikatamani ngazi zinimeze. Tsanko akatokea, akauliza tangu lini miche yake inachokonoa meno, kwani imekula nyama? Zlatka akacheka mpaka akakaa chini. Nikaamriwa kurudisha vikopo vya Tsanko kimoja kimoja, jengo zima likitazama.

Jumapili, 2 Machi
Miche ya mama iko ndani kwa Tsanko, mlango umetiwa ufunguo. Nimeruhusiwa kuitembelea Jumapili, kama jamaa wa mgonjwa. Nimekwenda leo. Inapendeza! Zlatka anasifu mikono ya Tsanko. Upuuzi mtupu. Inapendeza kwa sababu iliibwa, na aliyeiiba ni mimi. Shukrani sijapata.

Dirishani pa ngazi sasa Tsanko ameweka miche ya pilipili. Nimeihurumia sana. Itapata wapi nguvu, na haijaibwa hata mara moja? Alhamisi anarudi kliniki. Nimeshachagua koti lenye mifuko mikubwa.