Mkono wa Fundi Usionekane

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Leo kaja mama mmoja wa jumba la maonyesho. Miwani mikubwa, shanga kubwa zaidi. Anatafuta kazi moja tu kutoka karakana yetu. Nikamwonyesha kabati langu, milango inafunga bila kulia. Akasema asante, ila ni safi mno. Safi mno! Useremala nimeanza sijaota ndevu, sijawahi kusikia usafi ukiwa kasoro. Akageukia upande wa shemeji, mdogo wa kiume wa mke wangu, akakuta lile dude lake la msonobari. Sijui ni kiti, sijui ni uyoga, sijui ni sikio. Mavimbe na matundu kila upande. Mama wa watu akawa analizunguka na kulipapasa kama anampima mtoto homa.

Akatueleza kwamba siku hizi watu wanataka maumbo yaliyo kama yameota yenyewe: mizizi, kuvu, maganda ya konokono. Mkono wa fundi usionekane. Atarudi kuchagua.

Alipoondoka, baba mkwe akakohoa. Karakana ni yake, na mwezi huu anaiacha, mgongo umemkatalia. Akasema anasubiri aone mama yule atachagua kazi ya nani, kisha ataamua karakana inabaki kwa nani. Shemeji akachekelea. Nikikosa nitakuwa kibarua wa shemeji, nimpigie msasa mavimbe yake mpaka nizeeke.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu, jamani. Tangu asubuhi nachonga uvimbe, unatoka tufe. Nikachonga mzizi, ukatoka mguu wa meza. Mkono wangu umezoea kunyoosha. Hata nikifumba macho unanyoosha. Mke wangu kaleta chai, akauliza hiyo meza ni ya mteja gani.

Shemeji naye kapita kunishauri. Eti nijiachie, nisikilize mti unataka kuwa nini. Nikamwambia mti ulitaka kuwa mti, sisi ndio tulioukata. Akaniita mtu wa rula. Ameniudhi mpaka chai ikanipalia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata wazo!

Nilikuwa nimejinyoosha nyuma ya karakana, kwenye rundo la mbao mbovu, napumzisha kiuno. Nikaona kipande kilicholiwa na mchwa. Weee! Vijia, vyumba, vishimo, kuta nyembamba zinazopitisha mwanga. Hakuna binadamu anayeweza kuchonga vile. Na mkono wa fundi hauonekani ng'o, kwa sababu fundi mwenyewe hayupo. Kajilaza.

Basi, mpango ni huu: nawapa mchwa ubao, kazi wafanye wao. Nimebomoa kichuguu cha nyuma ya uzio, nimejaza ndoo, nimeiingiza chini ya meza yangu ya kazi na kuifunika gunia. Nikawawekea ubao wangu bora kuliko zote, wa mvule, niliokuwa nautunza kwa kazi ya heshima. Maonyesho si mahali pa kupeleka mbao za hovyohovyo. Nikanyunyiza na maji kidogo.

Mke wangu kaniuliza natabasamia nini. Nikasema nampenda. Akanitazama kwa wasiwasi.

Alhamisi, 13 Machi

Raha iliyoje! Nakaa tu. Shemeji anavuja jasho kwenye dude lake, nami nampa pole kila akipita. Baba mkwe kauliza mbona sishiki randa. Nikamjibu kazi inaendelea. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nimechungulia chini ya gunia. Mchwa wamebaki wachache ndooni. Bila shaka wenzao wameshazama ndani ya ubao. Wachapakazi wale! Sikutaka kuwasumbua.

Mke wangu kasema niachane na maonyesho, nitengeneze makabati yangu, baba yake si kipofu, anamjua mtu wa kazi. Nikamwambia mambo ya sanaa hayaelewi. Chakula kilikuja kimepoa.

Jumanne, 18 Machi

Nimefunua ubao. Haujaguswa! Hata tundu la sindano hakuna. Nimeugeuza, nimeugonga, nimeunusa. Mzima kama siku niliyoununua.

Nikakaa sakafuni, ndipo akili ikanirudia. Mvule! Kila mteja anayeingia mlango ule namwambia achukue mvule, mchwa hawaugusi. Maneno hayo nimeyasema mpaka yamenitoka masikioni. Nimealika wageni, nikawapakulia mawe.

Basi mchwa wamekwenda wapi? Vijia vyao vya udongo vinatoka chini ya meza yangu, vinakata sakafu, mpaka upande wa shemeji. Vimeingia kwenye dude lake. Msonobari, laini kama mkate! Kwanza niliogopa. Halafu, Mungu anisamehe, nikafurahi. Liliwe tu. Limeguke mbele ya mama wa shanga. Nikafuta vijia kwa kitambaa, nikajifanya napiga mluzi.

Ijumaa, 21 Machi

Limemeguka kweli.

Mama wa shanga karudi leo, kaligusa, gamba la juu likamdondokea mkononi, na ndani yake, lahaula! Vijia, vyumba, kuta nyembamba zinazopitisha mwanga. Mama akashika kifua. Nusura alie. Akamuuliza shemeji amefanyaje. Shemeji alikuwa ametoa macho kuliko sisi sote. Akameza mate, akasema alijiachia.

Alijiachia! Nilitaka kupiga kelele kwamba wale mchwa ni wangu, nimewabeba kwa mikono yangu miwili. Lakini seremala gani atatamka hayo mbele ya baba mkwe?

Kachaguliwa. Tena mama anamchukua kabisa, akafanyie kazi kwenye jumba lake. Shemeji kafungasha patasi zake, akanikumbatia, akasema bila mimi asingefika popote. Hajui alivyosema kweli. Nimelala saa ile ile, na viatu mguuni.

Jumapili, 23 Machi

Jana sikuandika. Sikuwa na nguvu.

Baba mkwe alikuja jana asubuhi na funguo mkononi. Karakana ni yangu! Akaeleza kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo: atakayechaguliwa aende zake kwenye sanaa, atakayebaki na makabati ndiye atakayerithi. Kumbe nilichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Nikakaribia kudondosha chozi.

Akaegemea nguzo ya katikati ili aseme neno la baraka. Kiwiko kikazama ndani ya nguzo.

Hakuumia, nashukuru. Ila alikitoa kiwiko kimejaa udongo, akaufuata udongo mpaka chini ya meza yangu, akafunua gunia, akaiona ndoo. Laiti angenitukana. Aliniuliza kwa upole kama ni mimi niliyeingiza mchwa ndani ya karakana. Nikasema ilikuwa kwa ajili ya sanaa. Kisha akamwita mke wangu, akampa yeye funguo.

Mke wangu hakunigombeza. Kasema tu kwamba alikuwa ananitetea kwa baba yake muda wote huu, na sasa amechoka. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumatano, 26 Machi

Nguzo mpya imesimama. Dawa ya mchwa tumemwaga, kichwa kinaniuma kwa harufu yake.

Leo bosi wangu, yaani mke wangu, kanipa kazi: kitanda cha bibi harusi, kinachukuliwa Jumamosi. Kasema nitengeneze kitanda cha kawaida, kilichonyooka, bila mbwembwe. Kikitoka vizuri, tutazungumza habari ya funguo. Alisema huku ananiwekea mkono begani. Bado ananipenda, nimeona. Nikaapa moyoni kwamba safari hii simwangushi.

Mchana kitanda kilikuwa kimeshasimama. Kimenyooka, kizuri. Lakini kikavu jamani, hakina uhai! Nikainua macho, nikaona kwenye dari kiota cha nyigu. Umbo lake! Mikunjo, rangi ya kijivu, vyumba vidogo vidogo. Nimekishusha polepole, na wenyewe ndani, nikakigundisha kwenye ubao wa kichwani.

Mke wangu hajakiona. Nataka nimshangaze mbele ya bibi harusi. Na safari hii nimepima kila kitu: nyigu hawali mbao.