Kikapu cha Anita Chapanda Angani

Jumatatu, 3 Februari

Puto ni moja, nalo litabeba sanduku moja. Masanduku ya kupimia joto la angani yako mawili: langu na la Murugi. Dk. Nduta, mkuu wetu hapa chuoni Nyeri, ametangaza leo. Litakalostahimili baridi kesho kutwa litarushwa Jumamosi, na likifanya vizuri litapelekwa ng'ambo, lipandishwe na roketi mpaka ukingoni mwa anga. Roketi! Mimi Kahiga, fundi wa maabara, muosha chupa!

Swali langu ni la zamani. Nikiwa darasa la tatu, pekupeku kwenye baridi ya Julai, nilikuwa nikitazama theluji ya mlima na kujiuliza: na juu yake zaidi, baridi ni kiasi gani? Huwa inafika mahali inaisha? Hakuna aliyewahi kunijibu.

Taabu ni Murugi. Mwalimu wa umeme, nadhifu, hajawahi kupoteza hata skrubu. Kipimajoto chake kinaning'inia nje ya sanduku kwa waya, kama mkia wa panya. Kifaa cha maana kuachwa nje! Changu kiko ndani.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata! Betri hufa kwa baridi. Sanduku linahitaji blanketi, na blanketi bora liko jikoni kwangu. Mke wangu Anita ana kile kikapu cha mito: unatia sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ikichemka asubuhi, unafunika, jioni imeiva bila kuongeza hata kijiti. Ameenda kikundi cha akina mama. Nimechomoa mto wa juu na kuushona ndani ya sanduku. Uzito: gramu kumi chini ya kilo inayoruhusiwa!

Jumatano, 5 Februari

Majaribio, mjini Sagana. Tumeyafungia masanduku yote mawili kwenye friza la muuza samaki. Dakika arobaini, betri ya Murugi kwisha. Yangu imekaa saa mbili nzima! Na kipimajoto changu hakikutikisika: nyuzi ishirini na mbili mwanzo, ishirini na mbili mwisho. Baridi imenyimwa mlango kabisa.

Dk. Nduta amenichagua. Murugi alizitazama nambari zangu kwa muda mrefu, kisha akaniomba jambo moja. Achomeke waya wake kwenye sanduku langu, upite kwenye tundu dogo, kipimajoto chake kining'inie nje. Ni gramu tano tu. Nikamwambia hakuna shida, mwalimu.

Anataka baridi ipitie kwenye hilo tundu. Nimemsoma!

Jumamosi, 8 Februari

Anita bado anauliza. Ati mto wake umeenda wapi, na wageni wanakuja kesho. Nimemwambia uko kazini. Si uongo.

Uwanja nje ya Nanyuki, asubuhi, mlima wazi. Wote walipokuwa wakishikilia puto, mimi nikajifanya nakaza kifuniko. Nikausukuma waya wa Murugi ndani pamoja na kipimajoto chake, chini ya mto, nikaziba tundu kwa gundi. Dhamiri ilinisuta kidogo. Kidogo sana.

Puto likaachiwa. Likapanda mpaka likawa punje, kisha halikuonekana. Machozi yakanitoka. Swali langu lilikuwa linapanda!

Alasiri simu ikalia. Ni Abdinasir, mfanyabiashara wa mifugo. Sanduku limemwangukia zizini, naye amesoma namba yetu ubavuni mwake. Akasema, "Sanduku yenu iko hapa. Lakini mbuzi wameizunguka, inanuka maharagwe. Sasa chakula yenyewe iko wapi?"

Jumatatu, 10 Februari

Matokeo! Kilomita thelathini juu. Nyuzi ishirini na nne chini, kumi na tisa kule juu kabisa. Vipimajoto vyote viwili vinakubaliana! Nikasimama, nikatangaza kwamba angani hakuhitaji hata sweta.

Murugi akauliza waya wake ulikuwa wapi. Nikasema labda ulijikunja. Akafungua sanduku, akaikuta gundi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tumepima joto la mto. Jibu lilikuwa pale nje, upana wa kidole tu kutoka tulipokuwa, kwa saa mbili, na hatukuliuliza.

Nafasi ya roketi amepewa yeye. Nina huzuni. Si ya roketi. Sanduku langu limefika huko na kurudi, na bado sijui baridi ya huko ni kiasi gani.

Jumanne, 11 Februari

Nimetafakari. Murugi amesema kweli: kosa lilikuwepo. Kutoka ishirini na nne mpaka kumi na tisa! Nyuzi tano zimepenya mahali.

Kuna puto lingine Aprili. Murugi mwenyewe ameniombea nafasi, na ameniletea waya mpya, mrefu zaidi, akinisihi safari hii nimsikilize. Mtu mwema sana. Nimeukunja mara tatu. Unaenea vizuri chini ya mto.

Jirani yetu Ngendo ana kikapu kikubwa mara mbili ya cha Anita. Alhamisi anaenda sokoni Kagio kununua nyanya.