Haki ya Kunyamaza Imenishinda

Hapana, siumwi. Nimejifungia tu. Na mtu akibisha hapo kwangu akiuliza shosho yuko wapi, mwambieni ameenda ushago kijijini na kurudi haijulikani.

Leo nimeaibika mpaka kivuli changu kimehama.

Mnajua kuandika mimi sijui. Mimi naongea, mjukuu wangu Wambui ndiye anawaandikia hapa kwa grupu ya chama. (Andika yote, Wambui. Hata ile mbaya. Usinisafishie.)

Sasa huyu Wambui anasomea sheria. Ako na mtihani, na yeye hawezi kusoma kimya. Anatembea hapo jikoni akipiga kelele kama pasta: "Jinai! Lazima kuwe na tendo! Lazima kuwe na nia! Tendo bila nia, jinai haijakamilika!" Mimi nakata mboga ya sukuma, nasikiza. Shule sikuingia hata kwa dirisha, lakini masikio yangu iko sawa. Kufikia wiki jana ningekuambia bila kupumua: mtu akikuibia, hiyo ni jinai, serikali ndiyo inamshtaki. Lakini jirani akikuumiza kwa uzembe, hiyo ni kesi yako na yeye. Atakulipa, lakini jela haendi.

Haya. Jumanne. Nimemaliza kufua. Hapa mtaani Jericho maji ya sabuni haitupwi, unapigia veranda deki. Na laini yetu, hii safu ya nyumba, iko na sheria moja tangu zamani: ukipiga deki, unafunika karai hapo katikati, ndio mwenye kupita ajue kuna utelezi. Hata mtoto wa kutambaa anajua akiona karai, ageuke.

Nikapiga deki. Karai sikuweka.

Kwa nini? Kwa sababu Wambui alikuwa amefika kwa hadithi ya mama mmoja wa huko ng'ambo, alikunywa soda, kufika chini ya chupa akakuta konokono imeoza! Sasa mimi naweza kuacha hiyo nikatafute karai? Nikasimama mlangoni nijue kama alitapika. Wambui anasema, "Shosho, maana yake ni hii. Jirani yako kisheria ni yule mtu ungepaswa kumfikiria kabla hujafanya jambo lako."

Hajamaliza, nikasikia nje: "Yallah!" Halafu puu.

Mama Zainabu. Wa mlango wa pili. Tumegawana ukuta miaka thelathini na mbili. Mzee wangu akifa, huyo ndiye alilala kwangu siku saba akinilazimisha kula. Rafiki mwingine kama huyo mimi sina. (Nyinyi wa chama msikasirike. Mnajijua.) Alikuwa chini, mguu umeangalia upande wake, yeye ameangalia upande mwingine.

Watu wakakimbia. Na Mutiso, yule wa kutuletea maji na mkokoteni, ndio alikuwa tu amepita. Mama Otis wa mlango wa mwisho akapiga nduru: "Ni Mutiso! Mitungi yake inavuja! Ameua mtu!"

Mimi nikafungua mdomo. Nikaufunga. Mimi! Mimi mwenye hata usingizini naongea!

Mama Zainabu akaenda hospitali, akarudi na plasta mpaka gotini. Kila asubuhi nampelekea uji. Kila asubuhi naingia nikisema leo namwambia. Namwambia kuhusu mvua. Namwambia kuhusu bei ya nyanya. Yeye ananiangalia tu, anasema, "Na kingine?" Nasema, "Hakuna kingine, kunywa kabla haijapoa."

Jana nikasikia Mzee Odhiambo, mwenyekiti wetu wa nyumba kumi, ameita kikao leo saa nne. Neno ni moja: Mutiso asikanyage hii laini tena. Na laini yetu ndiyo inalisha watoto wa Mutiso.

Nikamwendea Wambui polepole. "Kuna mwanamke fulani kanisani kwetu, alifanya kitu, sasa anaogopa kuulizwa. Sheria inamsaidiaje?"

"Shosho, katiba inasema mtu akishikwa ako na haki ya kunyamaza. Halazimishwi kujishtaki mwenyewe."

Nilimpenda huyu mtoto! (Anasema aliongezea, "Lakini kanisa si kituo cha polisi, kama ni rafiki yake aende tu aombe msamaha." Hiyo sikusikia. Sawa. Nilisikia.)

Leo saa nne, tuko veranda. Mama Zainabu kwa kiti cha plastiki, mguu juu ya stuli. Mzee Odhiambo amesimama, tumbo mbele, sauti ya kusoma habari kwa redio: "Wananchi watukufu. Tumekusanyika hapa. Kwa sababu. Ya mguu."

Mutiso ameshika kofia na mikono miwili. "Mimi naapa, mzee. Mitungi ilikuwa mitupu. Nilikuwa natoka kushusha."

"Mwongo!" Mama Otis huyo, kile kisauti cha mlango unataka mafuta. "Apelekwe ndani! Hii ni jinai!"

Mzee Odhiambo akamgeukia mgonjwa. "Mama, wewe unasema nini?"

Mama Zainabu akasema, pole pole vile huongea, "Mimi sikumtaja Mutiso. Tungojeni kidogo. Pengine kuna mtu ana neno."

Akaniangalia. Mimi nikaangalia kuku.

Nikanyamaza. Dakika kumi nzima nimetumia haki yangu! Kifua kinawasha, ulimi unaruka ruka kama samaki kwa ndoo. Ningefaulu. Lakini Mama Otis akarudia: "Jinai! Jinai!"

Jamani. Hata kama nimekosa, siwezi kukaa nikisikia mtu anaharibu sheria.

Nikasimama. "Nani amekwambia ni jinai? Jinai ni tendo na nia! Nia iko wapi? Na katiba inasema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe! Na lazima asikizwe!"

Halafu makofi! Mzee Odhiambo: "Kumbe. Shosho. Ni wakili!" Mutiso ananiangalia kama malaika ameshuka na leso. Na mimi makofi ikaniingia kichwani. Ningekaa hapo, tungeenda nyumbani sote. Si ningekaa? Nikaanza kutembea tembea kama Wambui.

"Hii inaitwa uzembe! Unauliza maneno tatu! Kulikuwa na wajibu kwa jirani? Ulikuwako! Wajibu ulivunjwa? Ulivunjwa! Jirani ameumia kwa sababu hiyo? Mguu huo hapo! Lakini mnisikize vizuri. Mwenye alimwaga hiyo sabuni hakuwa na ubaya wowote, alikuwa tu anasikiza mambo ya konokono..."

Makofi ikakatika kama stima.

Mzee Odhiambo akauliza, na redio ilikuwa imezimika, ilikuwa sauti yake ya kawaida: "Sabuni gani, shosho?"

Mama Otis: "Mutiso anauza maji. Sabuni imetoka wapi?"

Mwingine huko nyuma: "Na Konokono ni nani? Aitwe pia!"

Nikasema, "Nina haki ya kunyamaza."

"Sasa?!" wakapiga kelele wote.

Walicheka! Walishika ukuta! Mama Otis alikaa chini kabisa. Mutiso hakucheka. Alivaa kofia, akashika mkokoteni, akaenda bila kuniangalia. Na pale alikuwa ameanza kunishukuru.

Nikamgeukia rafiki yangu. Nikapiga magoti, haya magoti yangu mnajua vile inalia. "Mama Zainabu, karai nilisahau. Ni mimi. Nisamehe."

Akachukua magongo yake. Nikanyosha mkono nimshike, akausukuma na kiwiko, pole pole. Akafika mlangoni kwake, akageuka.

"Harufu ya sabuni yako niliisikia kwa leso yangu siku ile ile," akasema. "Mguu si neno. Ungeniambia Jumanne, tungecheka."